Serse Coppi

Serse Coppi (Castellania, 19 Machi 1923 – Torino, 29 Juni 1951) alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa kutoka nchini Italia. Alikuwa mdogo wake Fausto Coppi, mmoja wa waendesha baiskeli maarufu zaidi katika historia ya mchezo huo, na kwa miaka mingi alishindana kama msaidizi wa kaka yake katika timu ya Bianchi.

Serse anakumbukwa hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni ushindi wake katika mbio za Paris–Roubaix za mwaka 1949, ambao aligawana na Mfaransa André Mahé baada ya mabishano yaliyodumu miezi kadhaa. La pili ni kifo chake akiwa na umri wa miaka 28, baada ya kuanguka katika mbio za Giro del Piemonte mjini Torino. Mambo yote mawili yalitokea mwishoni kabisa mwa mbio, karibu na mstari wa kumalizia. 

Familia na utoto

Serse alizaliwa Castellania, kijiji kidogo cha wakulima kwenye vilima vya mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kati ya miji ya Tortona na Novi Ligure. Wazazi wake walikuwa Domenico Coppi na Angiolina Boveri. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano: Maria, Dina, Livio, Fausto na yeye mwenyewe. Fausto, aliyezaliwa tarehe 15 Septemba 1919, alimtangulia kwa miaka mitatu na nusu.

Jina Serse ni umbo la Kiitalia la jina la mfalme wa kale wa Uajemi.

Familia iliishi kwa kilimo, na kama ilivyokuwa kwa familia nyingi za vilima vile, shamba halikutosha kuwapa watoto wote maisha. Fausto aliacha shule mapema akaenda Novi Ligure kufanya kazi kwa mwenye bucha, na kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli. Ndugu wa baba yao, ambaye naye aliitwa Fausto na alifanya kazi kwenye meli, alimsaidia kijana huyo kupata baiskeli yake ya kwanza ya mashindano.

Novi Ligure ulikuwa mji wa baiskeli. Ndiko alikozaliwa Costante Girardengo, bingwa wa Italia wa miaka ya 1910 na 1920. Ndiko pia alikoishi Biagio Cavanna, mkandaji aliyepoteza uwezo wa kuona lakini aliyesifika kwa kupima nguvu za kijana kwa kumpapasa misuli. Cavanna alimchukua Fausto chini ya ulezi wake, na baadaye Serse naye akafuata njia hiyohiyo.

Miaka ya vita

Mwaka 1940 Fausto alishinda Giro d'Italia, mbio kubwa ya kuzunguka Italia, akiwa na umri wa miaka 20 tu. Alikuwa ameingia kwenye timu ya Legnano kama msaidizi wa Gino Bartali, bingwa aliyekuwa akitawala wakati huo, lakini akamaliza mbele yake. Huo ulikuwa mwanzo wa ushindani uliowagawa Waitalia kwa zaidi ya miaka 10.

Muda huohuo Italia iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 7 Novemba 1942 Fausto aliweka rekodi ya dunia ya saa moja kwenye uwanja wa Vigorelli mjini Milano, kisha akapelekwa vitani Afrika ya Kaskazini. Mwezi Aprili 1943 alitekwa na Waingereza nchini Tunisia, na alirudi nyumbani mwaka 1945. Kwa hiyo ndugu hawa wawili walitenganishwa katika miaka ambayo Serse alikuwa akikua kutoka kijana hadi mtu mzima.

Serse alianza kushindana kama mwendesha baiskeli wa kulipwa mwaka 1945, mara baada ya vita. Barabara nyingi za Italia zilikuwa zimeharibika, na vifaa kama mipira na minyororo vilikuwa haba.

Msaidizi katika timu ya Bianchi

Baada ya vita Fausto alijiunga na Bianchi, timu ya kiwanda cha baiskeli cha Milano kilichojulikana kwa rangi yake ya samawati yenye kijani. Serse alijiunga naye, na alibaki katika timu hiyo hadi kifo chake.

Katika mbio za barabarani si kila mwendeshaji hushindana kwa ajili ya nafsi yake. Anayetangulia hukabiliana na upepo, na anayemfuata kwa karibu nyuma ya gurudumu lake hutumia nguvu kidogo zaidi. Kwa hiyo kila timu huwa na wasaidizi ambao humkinga kiongozi na upepo, humletea maji na chakula, humpa gurudumu au hata baiskeli yao anapopata pancha, na humrudisha kwenye kundi anapoachwa. Msaidizi akifanya kazi yake vizuri, jina lake mara nyingi halionekani katika orodha ya washindi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Serse.

Kwa sura walifanana kiasi cha kuchanganywa, lakini kwenye baiskeli tofauti ilionekana. Fausto alikuwa na mtindo laini uliosifiwa na watu wote. Serse aliendesha kwa shida na hakuwa na kipaji cha kiwango hicho. Kwa tabia ilikuwa kinyume. Fausto alikuwa mkimya, mwenye wasiwasi na mwepesi wa kukata tamaa mambo yalipomwendea vibaya. Serse alikuwa mcheshi, mpenda watu, aliyeweza kuchangamsha chumba cha hoteli baada ya siku mbaya. Walilala chumba kimoja safarini. Waandishi wa maisha ya Fausto hukubaliana kwamba msaada mkubwa wa Serse haukuwa katika miguu yake bali katika kumtuliza kaka yake.

Fausto alihitaji utulivu huo, kwani licha ya ushindi mwingi mwili wake uliumia mara kwa mara. Katika Giro d'Italia ya mwaka 1950 alivunjika mifupa ya nyonga, na mwezi Machi 1951 alivunjika mtulinga katika mbio za Milano–Torino.

Paris–Roubaix 1949

Paris–Roubaix ni mbio ya siku moja iliyoanza mwaka 1896, kaskazini mwa Ufaransa. Ni maarufu kwa barabara zake za mawe, na humalizikia ndani ya uwanja wa mbio za baiskeli mjini Roubaix. Toleo la mwaka 1949 lilifanyika tarehe 17 Aprili.

Kundi dogo lilikuwa limewaacha wengine. Ndani yake walikuwamo Wafaransa André Mahé na Jacques Moujica pamoja na Mbelgiji Frans Leenen. Walipofika kwenye uwanja, watu waliosimamia njia waliwaelekeza vibaya. Badala ya kuingia kwenye lango lililopangwa, walijikuta wakizunguka nje ya ukuta. Walipogundua kosa waliingia kupitia mlango mwingine, upande wa majukwaa, na Mahé akawa wa kwanza kuvuka mstari.

Muda mfupi baadaye kundi lililokuwa nyuma liliingia uwanjani kwa lango sahihi. Katika mbio za kasi za kundi hilo aliyeshinda alikuwa Serse Coppi.

Mahé alikwisha kutangazwa mshindi. Upande wa Coppi ulipeleka malalamiko. Kwa kawaida huelezwa kwamba Fausto ndiye aliyemhimiza mdogo wake kufanya hivyo. Hoja yao ilikuwa kwamba walioingia kwa mlango mwingine hawakupita njia yote iliyopangwa, kwa hiyo wa kwanza kumaliza kwa halali alikuwa Serse. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba Mahé hakukata njia kwa hiari yake: alielekezwa hivyo na watu wa mbio wenyewe.

Waamuzi walimpa Serse ushindi. Siku chache baadaye shirikisho la Ufaransa likamrudishia Mahé. Shirikisho la Italia lilikata rufaa kwa Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI), na suala hilo lilibaki bila jibu hadi mwezi Novemba 1949. Katika mkutano uliofanyika Zürich, Uswisi, iliamuliwa kwamba wote wawili wahesabiwe kuwa washindi. Hadi leo orodha ya washindi wa Paris–Roubaix ya mwaka huo ina majina mawili.

Huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote katika maisha ya Serse. Mwaka uliofuata, 1950, Fausto naye alishinda Paris–Roubaix.

Katika tukio hilo hakuna aliyeumia, lakini lilionyesha tatizo ambalo waandaaji wa mbio wangekutana nalo tena na tena. Mwendeshaji anayefika mwisho wa mbio ya saa nyingi amechoka, anakwenda kwa kasi, na hana nafasi ya kukagua njia. Humtegemea mtu aliyesimama kwenye kona. Mtu huyo akikosea, gharama humwangukia mwendeshaji.

Ajali ya Torino

Tarehe 29 Juni 1951 ndugu wawili wa Coppi walishiriki Giro del Piemonte, mbio ya siku moja katika mkoa wao wa nyumbani. Zilibaki siku tano tu kabla ya Tour de France kuanza, na Fausto alikuwa akijiandaa kwenda Ufaransa.

Mbio zilimalizikia Torino. Kama miji mingi ya Ulaya ya wakati huo, Torino ulikuwa na tramu, yaani magari ya abiria yanayopita kwenye reli zilizolazwa katikati ya barabara. Zikiwa zimesalia kama kilomita 1 kufika mwisho, waendeshaji wakigombea nafasi, gurudumu la mbele la Serse lilinasa kwenye reli ya tramu. Alianguka na kugonga kichwa.

Ajali haikuonekana kuwa kubwa. Serse aliinuka, akapanda baiskeli, akamaliza mbio, kisha akaenda kwa baiskeli hadi hotelini. Mshindi wa siku hiyo alikuwa Gino Bartali.

Akiwa hotelini hali yake ilibadilika ghafla. Alianza kuugua na kupoteza fahamu, akakimbizwa hospitali. Damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alifariki siku hiyohiyo, kaka yake akiwa karibu naye.

Watu waliomwona akiendesha baiskeli baada ya kuanguka hawakuelewa jinsi alivyoweza kufa saa chache baadaye. Siku hizi madaktari wanafahamu vizuri jambo hilo. Mtu aliyegonga kichwa anaweza kusimama, kuzungumza na kutembea kwa muda, huku damu ikiendelea kujikusanya ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Utulivu wa mwanzo si dalili ya kupona. Ndiyo maana katika mashindano ya sasa mwendeshaji anayeonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo huondolewa mbioni, hata kama mwenyewe anasema anaweza kuendelea.

Fausto baada ya kifo cha mdogo wake

Kifo cha Serse kilimvunja Fausto. Alifikiria kuachana kabisa na mashindano. Hata hivyo alikwenda kwenye Tour de France, iliyoanza Metz tarehe 4 Julai, siku tano baada ya msiba.

Katika hatua ya kutoka Carcassonne hadi Montpellier aliishiwa nguvu kabisa na kupoteza zaidi ya nusu saa, huku wenzake wa timu wakibaki nyuma ili kumsindikiza. Baadaye alishinda hatua ya milimani ya kufika Briançon, lakini kwa jumla alimaliza wa 10. Mshindi alikuwa Hugo Koblet wa Uswisi.

Msiba huo ulimfanya Bartali, mpinzani wake mkubwa, amwelewe kuliko mtu mwingine yeyote. Bartali mwenyewe alimpoteza mdogo wake, Giulio, mwaka 1936, kutokana na ajali iliyotokea mbioni. Kwa hiyo mabingwa wawili wakubwa wa Italia wa kizazi hicho walizika wadogo zao kwa sababu ya mchezo huohuo.

Mwaka 1952 Fausto alirudi katika hali yake na kushinda Giro d'Italia na Tour de France, na mwaka 1953 alishinda Giro tena pamoja na ubingwa wa dunia wa barabarani mjini Lugano. Alifariki tarehe 2 Januari 1960 mjini Tortona akiwa na umri wa miaka 40, kwa malaria aliyoipata katika safari ya Volta ya Juu (leo Burkina Faso) mwezi Desemba 1959. Madaktari wake hawakuutambua ugonjwa huo kwa wakati. Mwenzake wa safari, Mfaransa Raphaël Géminiani, aliugua vilevile lakini alitibiwa kwa kwinini na kupona.

Hatari ya reli barabarani

Ajali iliyomuua Serse ni ya aina inayoeleweka kwa urahisi. Reli ya tramu ina mfereji ambamo ukingo wa gurudumu la tramu hupita. Tairi ya baiskeli ya mashindano ni nyembamba kiasi cha kuweza kuingia humo. Gurudumu la mbele likishanasa haliwezi tena kugeuzwa kwa usukani, na baiskeli ambayo haiwezi kugeuzwa haiwezi kusimama wima. Mwendeshaji huangushwa papo hapo. Reli ikiwa na maji huteleza pia, hata bila gurudumu kunasa.

Njia ya kujikinga ni kuvuka reli kwa pembe ya mraba, au karibu na hivyo, na si kwa mshazari. Mwendeshaji aliye peke yake anaweza kufanya hivyo. Aliye katikati ya kundi linalokimbilia mwisho hawezi, kwa sababu amebanwa kushoto na kulia, haoni barabara iliyo mbele ya gurudumu la mwenzake, na akipunguza mwendo atagongwa kutoka nyuma. Kwa hiyo suluhisho haliwezi kuachiwa mwendeshaji. Linamhusu anayechagua njia.

Hatari hiyohiyo ipo popote barabara inapokata reli ya treni kwa mshazari, na waendesha baiskeli wa miji ya Tanzania inayopitiwa na reli ya kati wanaifahamu. Miongoni mwa miji hiyo ni Mwanza, ambako reli ilifika mwaka 1928. Mjini humo na katika Kanda ya Ziwa kwa jumla baiskeli hutumika kubeba watu na mizigo, na mbio za baiskeli hupendwa na hukusanya watazamaji wengi.

Usalama katika kilomita za mwisho baada ya mwaka 1951

Kifo cha Serse hakikuleta mabadiliko ya kanuni mara moja. Wakati huo ajali zilichukuliwa kuwa sehemu ya kazi, na hakukuwa na kanuni ya kimataifa ya kuwalazimisha waendeshaji wa barabarani kuvaa kofia ngumu. Mabadiliko yalikuja polepole, na mengi yalifuata ajali nyingine.

Mwaka 1958, katika siku ya mwisho ya Tour de France kwenye uwanja wa Parc des Princes mjini Paris, Mfaransa André Darrigade aligongana kwa kasi kubwa na Constant Wouters, ofisa wa uwanja aliyekuwa amesogea kwenye njia. Wouters alifariki kutokana na majeraha. Mwaka 1994, katika hatua iliyomalizikia Armentières, askari aliyesimama kwenye vizuizi alisogea mbele ili kupiga picha. Wilfried Nelissen alimgonga, na Laurent Jalabert naye akaanguka. Wote wawili waliumia vibaya. Mwaka 2020 katika mbio za kuzunguka Poland, mjini Katowice, waendeshaji walifika mwisho kwenye mteremko wakiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Fabio Jakobsen alisukumwa kwenye vizuizi ambavyo havikuhimili kishindo, akapata majeraha ya kutishia maisha. Dylan Groenewegen, aliyeacha mstari wake na kumziba, alifungiwa miezi 9. Jakobsen alipona na kurudi mashindanoni.

Kanuni na taratibu zilizowekwa baada ya muda zinahusu mambo yafuatayo:

– Kofia ngumu. UCI ilijaribu kuzifanya za lazima mwaka 1991, lakini waendeshaji walipinga na kanuni ikaondolewa. Zilikuwa za lazima mwaka 2003, baada ya kifo cha Andrei Kivilev wa Kazakhstan katika mbio za Paris–Nice. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 50 baada ya Serse.

– Vizuizi. Kanuni za UCI zinataka pande zote mbili za barabara ziwekewe vizuizi angalau mita 300 kabla ya mstari wa kumalizia na mita 100 baada yake. Baada ya ajali ya Katowice mkazo umewekwa pia kwenye umbo na uimara wa vizuizi hivyo, visiwe na miguu inayotokeza barabarani na visifunguke vinapogongwa.

– Muda wa walioanguka. Katika mbio za hatua nyingi, mwendeshaji anayeanguka au kupata pancha ndani ya kilomita za mwisho za hatua tambarare hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo. Eneo hilo lilikuwa kilomita 1, likaongezwa kuwa 3, na katika miaka ya 2020 imeruhusiwa kufika kilomita 5 kwa baadhi ya hatua. Lengo ni kwamba wanaowania ushindi wa jumla wasilazimike kusukumana mbele na wakimbiaji wa kasi wa siku hiyo.

– Mwenendo wa waendeshaji. Kubadili mstari na kumhatarisha mwingine katika mbio za kasi za mwisho huadhibiwa kwa kushushwa nafasi, faini au kufungiwa. Tangu mwaka 2025 kadi za njano hutumika pia.

– Uchaguzi wa njia. Waandaaji hutakiwa kuepuka miteremko, kona kali, visiwa vya barabarani na reli karibu na mwisho, na mahali pasipoepukika huwekwa alama na mtu wa kuonya kwa bendera na filimbi.

Kanuni za UCI zinatumika pia katika mashindano yake ya Afrika. Mwezi Septemba 2025 mji wa Kigali, Rwanda, ulikuwa wa kwanza barani kuandaa ubingwa wa dunia wa barabarani.

Kati ya hatua hizo, ile ya uchaguzi wa njia ndiyo inayogusa moja kwa moja matukio ya maisha ya Serse. Paris–Roubaix ya 1949 iliharibiwa na mwelekeo mbaya langoni, na Giro del Piemonte ya 1951 iliwapeleka waendeshaji kwenye reli wakati wa kugombea nafasi. Mara zote mbili waendeshaji walifuata njia waliyopewa.

Kumbukumbu

Serse alizikwa Castellania. Baadaye Fausto alizikwa karibu naye, na ndugu hao wawili wana kaburi la pamoja la kumbukumbu kijijini hapo. Nyumba ya familia imegeuzwa kuwa makumbusho. Mwaka 2019, miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Fausto, kijiji kilibadilishwa jina rasmi kuwa Castellania Coppi. Waendesha baiskeli kutoka nchi mbalimbali hupanda vilima hivyo kila mwaka ili kuzuru kaburi.

Katika vitabu vingi Serse hutajwa kama sehemu ya maisha ya kaka yake. Hata hivyo ni miongoni mwa washindi wa Paris–Roubaix, mbio ambayo mabingwa wengi hawakuwahi kuishinda.

Muhtasari

– Jina: Serse Coppi
– Kuzaliwa: 19 Machi 1923, Castellania, Italia
– Kifo: 29 Juni 1951, Torino, Italia
– Miaka ya mashindano ya kulipwa: 1945–1951
– Timu kuu: Bianchi
– Ushindi mkubwa: Paris–Roubaix 1949 (pamoja na André Mahé)

Tazama pia

– Fausto Coppi
– Gino Bartali
– Paris–Roubaix
– Giro d'Italia
– Tour de France